Jibu: renice peke yake haitoshi kwenye seva ya wengi

Mkuu, umeuliza kama uendelee kupiga renice (amri ya Linux ya kubadili kipaumbele cha programu inayoendelea) kila jamaa mmoja mnayetumia naye seva anapowasha hesabu zake nzito na wenzake wakaanza kusubiri herufi zitokee kwenye skrini. Nimesimamia seva ya Linux ya watafiti, na renice ya mkono niliiacha zamani.

Nice, namba ya kipaumbele ambayo ikiwa kubwa programu hupata zamu ndogo, inagawa prosesa kati ya michakato, yaani programu zinazoendelea. Haiangalii ni ya nani. Wewe una mmoja, jirani ana 9, yote inagombea kori moja ya prosesa: unaambulia asilimia 10, ingawa nyote mna nice 0. Kumshusha hadi 19 kunasaidia kweli, maana mchakato wa 19 ukikutana na mmoja wa 0 hupata kama asilimia 1.5 tu. Ila kesho anawasha mingine, inaanzia 0, nawe unarudi palepale. (Kujishusha anaweza mwenyewe, kujipandisha kunahitaji msimamizi.)

Halafu kuna autogroup, kipengele cha kupanga michakato kwa makundi, kilichoingia na kerneli (kiini cha Linux) 2.6.38 mwaka 2011. Ikiwa inafanya kazi, kila kikao (mfano kila dirisha la terminal) ni kundi lake, na nice inapima michakato ya kundi hilohilo tu. Ndiyo maana unaweza kupiga renice, top (orodha ya michakato) ikaonyesha 19, na wenzake wasione nafuu yoyote. Soma /proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled, ukikuta 1, ishuku autogroup kwanza.

Kama mna systemd (programu inayosimamia huduma na vikao kwenye Linux nyingi), gawa prosesa kwa mtu, si kwa mchakato:

systemctl set-property user-1004.slice CPUWeight=20

1004 ni UID yake, yaani namba ya akaunti yake. Wengine wanabaki na uzito wa 100 wa kawaida. Seva ikiwa tupu bado anachukua kori zote, ndiyo maana CPUQuota, kikomo kisichobadilika cha prosesa, siipendi hapa: inambana hata saa nane usiku hakuna mtu.

Lakini kabla ya hayo yote, angalia RAM. Mara nyingi aliyelaumiwa kwa prosesa nilimkuta amepakia data kubwa kwenye R (programu ya takwimu), na seva inahangaika kuhamishia kumbukumbu kwenye diski. Hapo nice haina la kufanya. Tengeneza faili ndani ya /etc/systemd/system/user-.slice.d/, chini ya [Slice] weka MemoryMax=25%, kisha systemctl daemon-reload. Atakayepitiliza, michakato yake ndiyo inauawa, na wengine wanaendelea.

Kazi zisizo na haraka wazipeleke kwa batch, amri ya kupanga kazi foleni. Yenyewe husubiri mzigo (wastani wa michakato inayosubiri au kutumia prosesa) ushuke chini ya 1.5, kiwango kidogo mno kwa mashine ya kori nyingi. Kipandishe kwa chaguo la -l la atd, programu inayoendesha kazi za batch.