Kutoka maabara ya umeme hadi ofisi ya Makamu Mkuu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu. Profesa aliyekuwa akitufundisha mawasiliano ameteuliwa kuwa kiongozi wa chuo, na sasa hatumwoni darasani. Je, hii si hasara kwa fani? Na ujuzi wa umeme utamfaa nini katika ofisi ile?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hasara kwenu ipo, wala sitaificha, kwa maana mwalimu mahiri wa mawasiliano hapatikani kwa siku moja. Lakini mtazame Profesa Matthew Luhanga, mhandisi wa umeme aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1991 hadi 2006. Utafiti wake wa miaka ya 1980 ulihusu namna sauti na data zinavyogawana njia moja ya mawasiliano, kazi inayomlazimu mtu kukokotoa foleni itarefuka kiasi gani na kitu gani kitapotea njia ikizidiwa.

Chuo alichokabidhiwa kilikuwa kimezidiwa kweli. Mwaka 1990 Serikali ilikifunga kwa miezi kadhaa kufuatia mgogoro na wanafunzi, na fedha za kukiendesha zilikuwa haba. Mwaka 1994 ukaanza mpango wa mageuzi ulioitwa UDSM 2000, na kwangu mimi hapo ndipo mhandisi anapoonekana: chuo kilijiandikia mpango mkakati wake chenyewe, badala ya kungoja bajeti ya mwaka ndipo kijue kitafanya nini.

Jambo ninalolithamini zaidi katika miaka ile ni mafunzo ya awali kwa wasichana wa sayansi. Msichana aliyefaulu kidato cha sita, ila alama zake hazikufikia kiwango cha ushindani, aliitwa Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho, wiki kadhaa kabla ya muhula, akafundishwa, kisha akatahiniwa, na akifaulu alidahiliwa. Mlango huo haukufunguliwa na hotuba. Ulihitaji walimu, vyumba, ratiba na mtu mwenye mamlaka ya kuuidhinisha.

Sisemi mageuzi yote yalipokelewa kwa furaha, kwani uchangiaji wa gharama za masomo uliwaelemea wengi.

Kuhusu profesa wenu, nenda kamwombe mapema akusimamie mradi wako wa mwaka wa nne, kwa sababu usimamizi wa mradi haudai vipindi vya kila wiki darasani.