Kwa Nini Dhahabu Imefutika na Buluu Ikabaki?

SWALI: Mhariri, nilipotembelea nyumba moja ya kihistoria nchini Uingereza niliona vasi mbili za kauri za Kichina, za buluu yenye michoro ya dhahabu. Buluu imekoza kana kwamba imepakwa jana, ilhali dhahabu imefutika, hasa mabegani na shingoni. Je, dhahabu hiyo ilikuwa hafifu? Na mbona wenyewe hawaipaki upya?
Msomaji, South B, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, dhahabu haikuwa hafifu, ila haikukaa mahali pamoja na buluu. Vasi za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi mjini Jingdezhen, China, enzi za mfalme Kangxi, aliyetawala hadi 1722. Fundi alifunga kitambaa chepesi kwenye ncha ya mwanzi, akapuliza unga wa kobalti (madini yanayotoa rangi ya buluu) juu ya chombo ambacho bado hakijachomwa. Ukikitazama kwa karibu utaona kuwa buluu hiyo ni vitone vidogo mno vilivyosongamana, na kwangu mimi hakuna buluu ya kauri inayoishinda. Kisha chombo kilipakwa dawa inayogeuka kioo, kikachomwa kwa takriban nyuzi 1,300 za Selsiasi, buluu ikafungiwa ndani. Dhahabu ilichorwa baadaye, juu ya kioo hicho, ikachomwa mara ya pili kwa moto mdogo zaidi. Kwa hiyo imeshika juujuu tu, na vitambaa vya kufutia vumbi pamoja na mikono iliyoshika shingo vimeiondoa miaka nenda miaka rudi. (Vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa Gede, kwenye pwani yetu, havina tatizo hili pale ambapo buluu yao ilichorwa chini ya kioo na hapakuongezwa dhahabu.)

Kuhusu kuipaka upya, nasimama na wanaokataa. Elekeza taa kwa mshazari, na mara nyingi utaona pale dhahabu ilipokuwa pamebaki alama iliyofifia, ambayo kwayo mtaalamu huweza kuusoma mchoro wa awali, tawi kwa tawi. Dhahabu mpya ingeufunika mkono wa fundi wa kwanza. Isitoshe, katika karne ya 19 karakana ya Samson mjini Paris iliiga sana kauri za Kichina, na uchakavu wa kweli ni mojawapo ya mambo yanayomsaidia mchunguzi kutofautisha cha kale na cha kuigwa.

Ukiwa na chombo kama hicho nyumbani, kipanguse vumbi kwa brashi laini, usikisugue penye dhahabu, na ukikibeba kishike chini kwa mikono miwili.