Kabla hujamvalisha mtoto wa watu glovu

Mwaka 1998 Michael Yombayomba aliporudi na dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur, pale kwetu Manzese kila kijana alijiona bondia. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ulingoni sikufika mbali, lakini sasa nina vijana 18 wanaojifua uani kwangu kila jioni, na mabondia wastaafu wenzangu hunipigia simu kuuliza: nianzeje kufundisha vijana?

Anza na miguu. Wiki sita za kwanza kijana wangu hagusi begi la kupigia ngumi. Anaruka kamba (yetu ni ya kuanikia nguo), anatembea juu ya mstari niliouchora kwa mkaa, anajifunza kurudi nyuma bila kukutanisha visigino. Wengi hununa, maana wamekuja kupiga, nami nawafundisha kutopigwa. Anayeondoka, mwache. Mara nyingi huyo alitaka ngumi za kumalizia ugomvi wa kijiweni.

Halafu nenda kwao. Usimwite mzazi, mfuate. Mama mmoja aliniwekea kigoda, akanitazama, akaniuliza, "Mwalimu, akiumia utamuuguza wewe?" Sikuwa na jibu. Siku ile ndipo nilinunua daftari: nani kapigana lini, nani kapigwa kichwani, nani kalalamika kizunguzungu.

Daftari hilo lingeniokoa mimi. Nikiwa na miaka 24 nilidondoshwa raundi ya nne. Siku 11 baadaye promota mmoja akanifuata; bondia wake kajitoa, pesa ipo mkononi. Kocha wangu alijua kichwa bado kinaniuma. Akapiga hesabu ya fungu lake, akanyamaza. Nilichopigwa usiku ule ni jebu, ngumi fupi ya mkono wa mbele, ya kawaida kabisa, na safari ya kurudi nyumbani siikumbuki mpaka leo. Ngumi za ridhaa zina kanuni: ukipigwa KO ya kichwani, yaani ukadondoshwa ukashindwa kuendelea, unapumzika siku zisizopungua 30 hata ukijisikia mzima, na ukipoteza fahamu, zaidi ya hapo. Jicho likivimba kila mtu analiona. Ubongo ukiumia hakuna anayeuona. Kwa hiyo uani kwangu daftari ndilo linaloamua. Kijana haamui, wala mimi siamui, hasa mwezi ambao kodi imenibana.

Na wakikwambia kijana ajifunge nailoni akimbie juani apunguze kilo tatu kwa siku mbili ili afikie uzito wa pambano, kataa. Mwili uliokauka maji hauvumilii ngumi ya kichwa.

Kukataa kuna gharama, nisikudanganye. Kijana wangu mmoja, dereva wa bajaji, aliletewa pambano siku 15 baada ya kudondoshwa. Nikasema hapana. Alinitolea maneno mbele ya wenzake, akaondoka wiki tatu.

Juzi karudi. Hakunisalimia. Alichukua kamba ukutani, akaanza kuruka.