Seva Yako Inasoma SSI? Ipime kwa Faili Moja

SSI (Server Side Includes) ni amri fupi unazoziandika ndani ya ukurasa, na seva huzitekeleza kabla ya kuutuma kwa msomaji. Kujua kama seva yako inazisoma, usianze kwa kuwauliza huduma kwa wateja wa kampuni inayohifadhi tovuti yako. Anayejibu mara nyingi haoni mipangilio ya seva uliyowekwa. Tengeneza saraka ndogo ndani ya public_html (saraka kuu ya tovuti yako), uiite jaribio, uweke humo faili la saa.shtml lenye mstari huu:

<p>Saa ya seva: <!--#echo var="DATE_LOCAL" --></p>

Alama ya # igusane na <!--, ila kabla ya --> acha nafasi. Lifungue kwa anwani ya tovuti. Ukilibofya kwenye kompyuta yako hutaona saa, maana SSI ni kazi ya seva, kivinjari hakihusiki.

Tarehe ikitokea, kazi imekwisha. Pakiwa patupu, tazama chanzo cha ukurasa: ukiikuta amri nzima kama ulivyoiandika, seva haikuigusa. Ukisoma [an error occurred while processing this directive], usikate tamaa. SSI iko hai, umekosea amri tu. Hata (none) ni dalili nzuri: amri imesomwa, ila jina la kigezo halijulikani.

Kama seva yako inatumia programu ya Apache na amri haikuguswa, weka .htaccess (faili la mipangilio ya saraka) ndani ya saraka ileile:

Options +Includes
AddType text/html .shtml
AddOutputFilter INCLUDES .shtml

Hapa ndipo saraka ndogo inapokuokoa. Kama AllowOverride (mpangilio wa seva unaoamua .htaccess iruhusiwe nini) hairuhusu Options, unaweza kupata kosa la 500, na kama .htaccess hiyo ingekuwa public_html, tovuti nzima ingelala. Sasa ndiyo waandikie huduma kwa wateja, ukiwatajia AllowOverride kwa jina. Wakikupa IncludesNOEXEC, ipokee: inazuia #exec (amri ya kuendesha programu kwenye seva) lakini inaunganisha kurasa, na wengi hatuhitaji zaidi ya hapo. Kama hakuna kosa na amri bado haiguswi, huenda .htaccess haisomwi kabisa (AllowOverride None), au mod_include, moduli ya Apache inayosoma SSI, haikuwashwa.

Nginx, programu nyingine ya seva, haisomi .htaccess kabisa; mwenye seva ndiye anayeandika "ssi on;" kwenye mipangilio. GitHub Pages haina SSI, usijisumbue.

Ukishafanikiwa, jaribu kuunganisha faili:

<!--#include virtual="/vipande/menyu.html" -->

Tumia virtual badala ya file, kwani file haikubali njia inayoanza na / wala yenye ../. Na usishawishike kuongeza .html kwenye AddOutputFilter bila sababu: Apache itapekua kila ukurasa, na kwa kawaida itaacha kutuma Last-Modified (tarehe ukurasa ulipobadilishwa mwisho), hivyo vivinjari vitapakua upya kurasa ambazo hazijabadilika.