Nembo imetoka, gundi imebaki: fundi anajibu maswali yenu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Noah ya bluu iliyokoza, niliinunua mkononi mwa mtu hapahapa Mbeya. Mlango wa nyuma ulikuwa na nembo ya duka la huko Japani na maandishi ambayo hata sielewi, nikayabandua kwa kisu cha jikoni. Sasa limebaki gundi jeusi kama lami, vumbi likipita linashika hapohapo. Jirani anasema nisugue na tina mara moja tu linatoka, kijana wa kuosha magari anasema petroli, mke wangu anasema niliache kama lilivyo. Nifanyeje nisiharibu rangi? – Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kisu rudisha jikoni, na tina usiiguse mpaka ujue rangi ya huo mlango ni ya kiwandani au ilishapulizwa mtaani. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuri ikawa ngumu, juu yake kuna klia, yaani tabaka la kung'arisha lisilo na rangi, ambayo unene wake ni kama unywele mmoja hivi, sio zaidi. Rangi nyingi za mtaani hazijaokwa, zimekaukia juani tu, na zingine zilichanganywa na tina hiyohiyo, sasa ukiirudishia tina si unairudisha kuwa ya majimaji? Mimi nimelipia hilo somo, miaka ya nyuma niliharibu mlango mzima wa mteja kwa kitambaa kimoja cha tina, nikaupuliza upya kwa hela yangu, na mpaka leo nikiona mtu amelowesha tina kwenye rangi nzima moyo unanilipuka. Petroli nayo inakauka upesi kabla haijaingia kwenye gundi, kwa hiyo utasugua sana, na moto wake unaujua.

Kwanza elewa hiyo kitu ni nini. Nembo nyingi hazijapakwa gundi ya maji, zimeshikwa na tepu ya sponji yenye gundi pande zote mbili. Hiyo gundi ikipata joto inalainika, ikipata baridi inakuwa jiwe, na wewe uko Uyole, mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi hata mikono yenyewe haifanyi kazi. Kwa hiyo usianze saa 1 asubuhi. Osha mlango kwa maji na sabuni, hasa hapo penye gundi, maana mchanga ukibaki ndo utakaochora rangi na sio kitambaa. Halafu liache gari juani mpaka saa 7 au 8 mchana. Jua likigoma, chukua drayer ya saluni, ishike mbali kidogo kama shibiri moja, iwe inatembea, usisimame sehemu moja. Ukigusa bati uone la moto ila mkono unavumilia, hapo panatosha. Maji ya uvuguvugu kwenye kitambaa nayo yanasaidia, ila usimimine yanayochemka.

Sasa tumia dole gumba. Sukuma gundi kama unaviringisha unga wa chapati, itajikunja vidonge vidonge na kutoka. Kazi kubwa inaisha hapo kabla hujanunua chochote, watu wengi hawaamini mpaka wajaribu. Pale penye sponji nene tumia kadi ya plastiki ya zamani, ilaze karibu na bati usiisimamishe. Wembe hapana, hata kama fundi wa jirani anautumia kwenye vioo, kioo sio rangi.

Ule utando unaonata unaobaki mwisho ndo unataka mafuta ya taa. Lowesha kitambaa laini, jaribu kwanza kwenye ukingo wa chini wa mlango huohuo (sio kwenye fremu ya ndani, mlango unaweza kuwa umepulizwa na fremu haikuguswa). Kitambaa kikipata rangi ya bluu, acha. Kikibaki cheupe, kibandike juu ya gundi dakika 4 au 5, kiache kifanye kazi, ndo ufute polepole, rudia hata mara tatu. Mafuta ya mkaratusi nayo yanalainisha gundi vizuri. Ukimaliza osha kwa sabuni mpaka utelezi uishe, kausha, paka waksi.

Jambo moja nakwambia mapema usije ukashtuka, inawezekana gundi ikaisha yote na bado ukasoma maandishi ya nembo kwenye bati. Hiyo sio gundi tena. Mbeya tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, jua la huku ni kali kwa rangi hata kukiwa na baridi, na pale chini ya nembo rangi ilijificha miaka yote. Polishi ya mkono inapunguza huo utofauti, wakati mwingine haiumalizi. Ila ile michoro ya kisu, ukipitisha kucha ikanasa ujue imezama, polishi haitaifikia.

SWALI: Fundi, nimetoa nembo ya boneti nikakuta matundu mawili. Niyazibe na silikoni? – Msomaji, Makambako

JIBU: Ile silikoni inayonuka kama siki usiiweke kwenye bati, hiyo harufu ni asidi na inaleta kutu. Safisha kingo za matundu kwa msasa laini, paka praima (rangi ya kwanza ya kushikia bati), paka rangi, halafu weka vizibo vya plastiki au rudisha nembo. Fanya kabla ya mvua.

SWALI: Kamwene fundi. Nembo yangu ilianguka nikairudisha kwa tepu mpya ya magari, siku mbili tu ikaanguka tena. Shida ni tepu? – Msomaji, Njombe

JIBU: Kamwene dada. Niambie uliibandika saa ngapi, kwa sababu asubuhi ya Njombe bati ni baridi mno na hiyo tepu haishiki kabisa. Toa gundi ya zamani yote, kwenye bati na kwenye nembo yenyewe, futa kwa spiriti, weka alama kwa tepu ya karatasi isije ikakaa upande, bandika mchana bati likiwa na joto na kandamiza kama nusu dakika. Halafu usioshe gari siku 3, maana gundi inachukua kama saa 72 kushika sawasawa na kwa baridi ya huko inachukua zaidi.