Meza Imepasuka, Gundi Haina Kosa

Swali: Fundi, nimejitengenezea meza ya kulia kwa mbao ngumu zilizokauka. Niliunga mbao tano kwa gundi nyeupe hadi uso ukafikia upana wa sentimita 90, nikaukaza kwenye fremu kwa skrubu, kisha nikaweka chini yake vipande viwili vya kukatiza, kwa gundi na skrubu. Ilikaa vizuri miezi kadhaa, lakini hewa ilipokuwa kavu ubao mmoja ulipasuka katikati kwa urefu. Nimeshauriwa nijaze ufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha niongeze skrubu. Nitumie gundi gani iliyo kali zaidi, na vanishi gani itazuia ufa usirudi?

Jibu: Umesema mwenyewe kwamba ufa umepita katikati ya ubao, wala si kwenye maungio. Gundi yako basi imefanya kazi yake, kwa sababu gundi nyeupe ya mbao, ikipakwa kwenye kingo zilizopigwa randa sawasawa na kubanwa vizuri, hushika kuliko nyuzi za mbao zilizo kando yake. Kutafuta gundi kali zaidi ni kutibu kiungo kisichougua.

Dhana inayonisumbua kuliko zote, na ambayo huletwa kwangu karibu na kila meza iliyopasuka, ni kwamba ubao ukishakauka haubadiliki tena. Ubao hunyonya na kutoa unyevu maadamu ni ubao, hata kama mti wake ulikatwa karne iliyopita. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hutulia ukiwa na maji ya takriban asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 30, ubao nao hushuka hadi karibu asilimia 6. Kwa urefu wa nyuzi hutaona tofauti yoyote. Kwa upana ni jambo jingine kabisa: uso wa sentimita 90 unaweza kutanuka au kusinyaa kwa takriban sentimita moja, na mbao nyingi husinyaa kwa kufuata pete za mwaka karibu mara mbili ya zinavyosinyaa kuelekea kiini.

Sasa tazama ulichofanya chini ya meza. Vile vipande viwili vina nyuzi zinazokatiza uso, kwa hiyo urefu wao haukupungua hata kidogo wakati uso ulipotaka kusinyaa. Uso ulizuiwa na gundi pamoja na skrubu, mvutano ukaongezeka siku hadi siku, na ubao uliokuwa dhaifu kuliko wenzake ukaachia. Kila skrubu utakayoongeza itaongeza kizuizi kilekile kilichoipasua meza.

Fungua skrubu zote, ubandue vipande vya chini, kisha uache uso ukiwa huru kwa wiki chache ndani ya nyumba. Ufa huenda ukajifunga kwa sehemu. Baada ya hapo pasua uso kwa msumeno kwa kufuata ufa, piga randa kingo mbili hadi zikutane bila mwanga kupenya, ndipo uunge upya. Unapourudisha kwenye fremu, skrubu za katikati ya upana zikaze kwenye matundu ya kawaida, ila zile zinazoelekea kingo uzipitishe kwenye matundu yaliyorefushwa kwa mwelekeo wa upana wa meza, zikiwa na washa pana (kiduara cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu) na zisikazwe mno, ili uso uweze kuteleza. Vipande vya kukatiza navyo vifungwe kwa namna hiyohiyo, bila tone la gundi.

Ushauri wa kujaza ufa kwa gundi na unga wa mbao una madhara kuliko unavyoonekana. Ukiujaza wakati wa ukavu, unyevu utakaporudi uso utatanuka na kukuta nafasi yake imezibwa na kitu kigumu. Nyuzi zitasagika kwa kubanwa, na ukavu ukija tena ufa utakuwa mpana kuliko wa kwanza. Mwenye meza humlaumu muuza mbao, na fundi wa njia ya mkato huwa ameshalipwa na kwenda zake.

Kuhusu vanishi, hakuna inayozuia unyevu kabisa. Vanishi nzuri hupunguza kasi yake tu, tena ikipakwa juu na chini kwa idadi ileile ya mikono, kwa maana uso uliopakwa upande mmoja hujikunja. Wapo wanaouza vimiminika wakiapa kwamba mkono mmoja huondoa nyufa maisha yote, na wanaowasikiliza ndio haohao wanaokuja na milango iliyokwama, droo zisizofunguka na sakafu za mbao zilizofura kwa sababu hazikuachiwa nafasi ukutani.

Vivyo hivyo usiliamini bila kupima neno "zimekauka" la muuza mbao. Kata kipande mbali na ncha ya ubao, ukipime kwa mizani, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 103 hadi uzito usibadilike tena, kisha ugawe uzito uliopotea kwa uzito mkavu: kipande cha gramu 120 kinachoishia gramu 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 20, na hakifai bado kwa meza ya ndani. Muuzaji akikataa kukupa kipande cha kupima, nunua kwingine.