Re: Sarafu ya Israeli yenye ua na herufi tatu zisizosomeka

Mkuu, hiyo sarafu unayoiulizia si ya kale, ni shekeli mpya 1, pesa ya Israeli iliyoanza kutumika 1985. Uliyempa akusomee Kiebrania amekwama kwa sababu zile herufi tatu ni za mwandiko wa zamani, kabla ya hizi za mraba za leo. Soma kutoka kulia: yod, he, dalet, yaani Yehud, jina la jimbo la Yuda chini ya Waajemi. Ua ni yungiyungi, limenakiliwa kutoka visarafu vya fedha vya karne ya 4 K.K., ambavyo vingi havifiki hata gramu 1. Yako ina kipenyo cha milimita 18 na gramu 3.5 hadi 4 hivi.

Igeuze usome mwaka, huo una herufi za kisasa, kila moja ikisimama kama namba: התשמ״ה. He ya mwanzo ni 5000, tav 400, shin 300, mem 40, he ya mwisho 5. Jumla 5745, ndio mwaka wa kalenda ya Kiyahudi; toa 3760, unapata 1985 ya kalenda yetu. Wengi huisahau ile 5000, hesabu ikawagomea.

Muuzaji akikuambia ni ya enzi za Biblia, mwonyeshe neno Israeli lililoandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Isogezee na sumaku: za chuma za kuanzia miaka ya 1990 zinanasa.